Mbao za matuta ya mboga: zinapooza, zinapoliwa na mchwa na zinapotuna

Ubao unaozungushwa kushikilia udongo wa tuta la mboga una kazi ngumu kuliko ubao wa kenchi. Kenchi inakaa juu, kavu, chini ya bati. Ubao wa tuta umelowa upande mmoja wakati wote, upande wa pili unapigwa na jua la mchana, chini umekalia udongo wenye mchwa, na juu ya hayo unasukumwa na uzito wa udongo na maji. Kwa hiyo mbao iliyodumu miaka 20 darini si ushahidi kwamba itadumu bustanini. Hata seremala mzuri wa vitanda na makabati anaweza kukushauri vibaya katika jambo hili, kwa sababu mbao zake hazigusi udongo.

Kabla ya kwenda yadi kununua nyingine, chunguza iliyoharibika. Unahitaji bisibisi bapa, tepu na msumeno. Fukua udongo wa sentimita 5 kwenye kitako cha ubao, upande wa nje na wa ndani, kisha choma kwa bisibisi kila baada ya hatua moja kuzunguka tuta lote. Andika mahali inapozama na mahali inapogota. Halafu kata kipande cha sentimita 10 kwenye sehemu mbovu na uangalie uso wa mkato. Karibu kila swali lililo hapa chini linajibiwa na kipande hicho.

Dalili: ubao umelainika kwenye mstari wa udongo, juu bado mzima

Huo ni uozo wa kuvu. Kuvu wanaokula mti wanahitaji unyevu mwingi na hewa, na vyote viwili vinakutana pale ubao unapotoka ardhini. Mbao kavu iliyo chini ya asilimia 20 ya unyevu hawaiwezi. Sehemu iliyozikwa chini sana haina hewa ya kutosha, ndiyo maana mara nyingi unakuta kigingi kimekatika usawa wa ardhi na ncha yake ya chini bado ngumu.

Swali la kwanza si "huu ni mti gani?" bali "hii ni sehemu gani ya mti?" Sehemu ya katikati ya gogo, ambayo kwa miti mingi ina rangi iliyokolea, ndiyo kiini. Ya nje, ile iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai, hapa tuiite weupe. Weupe wa mti wowote unaoza, uwe wa paina au wa mvule. Sifa ya kudumu anayokusimulia muuza mbao ni sifa ya kiini peke yake.

Ukitazama uso wa mkato na kuona ukingo mpauko umebonyea huku sehemu iliyokolea rangi ikigota, umeshapata chanzo: uliuziwa weupe. Mabanzi, yale yanayotoka kwenye mkato wa kwanza wa gogo na bado yana maganda, karibu yote ni weupe. Ni rahisi, na kwa uzio wa kuku yanatosha, lakini kwenye tuta ni fedha ya msimu mmoja au miwili.

Ikiwa ubao wote umeoza bila kubagua, angalia aina. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Paina. Sehemu kubwa ya paina inayouzwa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma inatoka Nyanda za Juu Kusini, kwenye shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi na kwenye mashamba ya wakulima wa Njombe na Makete, na nyingi hupitia Mafinga. Hata kiini chake hakidumu kikigusana na udongo. Tatizo linakuwa kubwa zaidi mti ukivunwa mchanga, kwa miaka 8 au 10, kwani mti wa umri huo hauna kiini cha maana: pete zake ni pana, mbao ni nyepesi, kucha ya kidole gumba inaacha alama. Paina ya nchi 1 iliyokaa kwenye udongo uliolowa Pwani, isiyotiwa dawa, itegemee mwaka mmoja hadi miwili.

Saiprasi, inayopatikana kwa wingi nyanda za juu za Kenya, ni afadhali kidogo. Kiini chake cha manjano ya kahawia kinavumilia kiasi, hasa kwenye baridi ya Limuru au Nyahururu. Mgrivelea wa mipakani mwa mashamba una sura nzuri na bei nzuri, ila ardhini haudumu. Utumie kwa ubao wa juu tu.

Mkaratusi unachanganya watu. Kiini chekundu cha mti mkubwa ni kigumu na kinaweza kukaa miaka kadhaa. Mirunda ya ujenzi, ile miti myembamba ya kushikilia zege, ni miti michanga yenye weupe mtupu, nayo huoza haraka licha ya ugumu wake. Ugumu na udumu ni vitu viwili tofauti; msumari kupinda kwenye mbao hakukwambii lolote kuhusu kuvu.

Mtiki wenye kiini kilichokomaa, kama unaovunwa Longuza huko Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro, ni chaguo zuri sana la tuta. Mtego uko kwenye nguzo nyembamba za mtiki zinazotoka kwenye upunguzaji wa miti. Mnunuzi anasikia neno "mtiki" na kulipa bei ya juu, kumbe kipande cha unene wa mkono kina kiini chembamba katikati na kilichobaki ni weupe. Dai kuona ncha. Kiini ni cha rangi ya dhahabu iliyoiva hadi kahawia, weupe ni krimu, na mpaka wake unaonekana wazi.

Mvule, mninga na mkongo nazo zinadumu sana. Kujengea mchicha kwa mninga mpya, hata hivyo, ni ubadhirifu: mti huo unakua polepole sana, na tangu mkutano wa Novemba 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara ya kimataifa ya mninga na mkongo wa Afrika inadhibitiwa. Lakini karakana za samani hutupa au kuuza kwa bei ndogo vipande vya sentimita 60 au 70, na hivyo ndivyo vigingi bora unavyoweza kupata. Boriti za zamani za mikoko kutoka nyumba iliyobomolewa zinafaa vilevile. Mbao za milango na madirisha ya zamani zenye rangi ziache, kwa kuwa rangi za miaka ya nyuma mara nyingi zilikuwa na risasi.

Mnazi una kanuni yake. Hauna kiini. Sehemu ngumu ni ya nje, hasa upande wa shina la chini, na katikati ni laini yenye nyuzi zilizoachana. Kwa hiyo ukitumia kanuni ya miti mingine utachagua sehemu mbaya kabisa. Chukua mbao nzito yenye vidoti vyeusi vilivyobanana, toboa kwa drili kabla ya kupiga msumari, na bado usiikalishe moja kwa moja kwenye udongo. Mianzi isiyotiwa dawa ina wanga mwingi. Bungua, wadudu wanaotoboa mbao, na kuvu wote wanaipenda, na kwenye udongo hutoi zaidi ya misimu michache.

Aina ikiwa sawa na ubao bado umeoza, chanzo ni maji yasiyo na njia. Angalia mambo matatu. Je, tuta liko kwenye bonde dogo ambako maji ya mvua yanatuama? Je, vigingi vimezungushiwa zege? Zege hushika maji kuzunguka mti, na kigingi huoza ndani ya kikombe chake. Toa zege, jaza kokoto. Je, uliweka nailoni ndani na kuikunja chini hadi sakafuni? Nailoni inatakiwa kufunika kuta tu na kuishia kwenye kitako cha ubao, bila kukunjwa kuelekea ndani. Ikikunjwa, maji yanakaa katikati ya nailoni na mbao, na nailoni uliyoiweka kuokoa ubao inaumaliza.

Tiba ya kudumu ni mtaro wa kokoto. Chimba upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 10 kufuata mzunguko wa tuta, jaza kokoto, kalisha ubao wa chini juu yake. Kwa tuta la futi 12 kwa 4 unahitaji takriban toroli mbili na nusu. Nailoni nyeusi nzito, ile ya kuwekwa chini ya sakafu kuzuia unyevu, ipigilie ndani kwa misumari mifupi ikianzia sentimita 3 chini ya ukingo wa juu ili jua lisiichane.

Dalili: ubao unasikika mtupu ukiugonga, nje kuna njia za udongo

Mchwa wa ardhini. Vunja sentimita 5 za njia ya udongo na urudi kesho yake. Ikiwa imezibwa, wako kazini. Ikiwa imebaki wazi siku tatu, wamehama au wamemaliza chakula. Kama huoni njia yoyote ya udongo lakini vipunje vikavu vinadondoka kutoka kwenye tundu dogo, hao ni mchwa wa mbao kavu, ambao Pwani ni wengi. Waliingia na ubao kutoka stoo, na ubao huo pekee ndio wa kutolewa.

Kwa mchwa wa ardhini, wengi hukimbilia kubadilisha aina ya mbao. Kabla ya hapo angalia umewaalika kwa nini. Chanzo kinachojirudia ni kujaza nusu ya chini ya tuta kwa magogo, matawi na maboksi ili kuokoa udongo. Ushauri huo umetoka kwenye nchi za baridi ambako mchwa si wasiwasi wa kila siku. Huku kwetu ni karamu iliyofukiwa, na wakimaliza maboksi wanapanda kwenye ubao. Chanzo cha pili ni samadi isiyoiva, yenye majani makavu na mabua yanayoonekana kwa macho. Cha tatu ni matandazo ya nyasi kavu yaliyoegemea ubao kwa nje. Cha nne, kinachosahaulika, ni vipande vya mbao vilivyobaki wakati wa ujenzi na kufukiwa palepale.

Ondoa hivyo kwanza. Kisha inua ubao wa chini uachane na ardhi: panga mstari wa matofali ya kuchoma au tofali za saruji, ubao ukae juu yake. Mchwa bado wanaweza kupanda, ila sasa lazima wajenge njia juu ya tofali, mahali unapoiona. Acha ukanda wa sentimita 15 wa kokoto tupu nje ya tuta, pita mara moja kwa wiki, kwangua njia yoyote mpya. Kazi hiyo ya dakika tano ina thamani kuliko dawa.

Dawa za mchwa za kumwagwa kwenye msingi wa nyumba zisiingie kwenye tuta la mboga wala ukingoni mwake. Zimetengenezwa zikae ardhini muda mrefu, na mizizi ya mchicha haijui mpaka wako. Majivu yanasaidia kwa siku chache za kiangazi. Mvua ikinyesha yamekwisha, na ukirudia mara nyingi unapandisha uchungu wa magadi kwenye udongo.

Oili chafu inastahili neno lake. Inapakwa kila mahali, ni ya bure, na kwenye nguzo ya uzio watu wanaridhika nayo. Lakini imebeba metali kutoka ndani ya injini na masalia ya kuungua ambayo baadhi yake husababisha saratani, na inachuruzika taratibu kwenda kwenye udongo unaoota chakula. Isitoshe haiingii ndani ya mbao mbichi. Inakaa juu, mbao inapasuka, mchwa wanapita kwenye ufa. Ikiwa tuta lako lilishapakwa, lipandwe maua, au toa mbao hizo pamoja na udongo wa sentimita 15 uliokuwa ukizigusa.

Dalili: mbao ya kijani, iliyouzwa kama ya dawa, imeoza

Kata kipande na uangalie ndani. Mbao iliyosindikwa dawa kwa mgandamizo huonyesha rangi ya kijani iliyopenya weupe wote. Ikiwa kijani ni ngozi ya unene wa milimita moja na ndani ni mbao tupu, ilichovywa au ilipakwa tu. Na hata iliyosindikwa vizuri huoza kwenye ncha ulizokata mwenyewe, kwani kiini cha katikati mara nyingi hakipokei dawa na msumeno wako umekifungua. Ncha iliyotoka kiwandani ndiyo inayotakiwa kuelekea ardhini. Ulizokata zielekee juu.

Hayo ni ya nguzo za uzio, maana kwa tuta la mboga jibu letu ni moja: usitumie mbao ya kijani kama hujui dawa yake. Dawa iliyozoeleka kwenye nguzo ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, unaojulikana kwa kifupi CCA. Aseniki inayovuja haiendi mbali, inabaki kwenye udongo ulio karibu na ubao, lakini huko ndiko unakopanda karoti za ukingoni. Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia kwenye mbao nyingi za makazi kuanzia mwisho wa mwaka 2003.

Ukiwa tayari umejenga kwa mbao hizo na huna uwezo wa kubomoa leo, weka nailoni nzito kwenye kuta za ndani, acha sentimita 30 za ukingo bila mboga za mizizi na za majani, panda huko nyanya au bamia, osha mavuno na umenye unachoweza. Vipande vilivyobaki visiwe kuni kamwe. Aseniki inabaki kwenye majivu, na sehemu nyingine inatoka na moshi. Mataruma ya zamani ya reli yaliyopakwa kriosoti, yanayonuka lami na kutoa jasho jeusi juani, hayana nafasi bustanini hata kidogo.

Dawa ya chumvi za boraksi ni tatizo la aina nyingine: inafaa sana dhidi ya bungua kwenye mbao za ndani ya nyumba, ila inayeyuka kwa maji. Kwenye tuta, mvua za msimu mmoja zinaisafisha na ubao unabaki kama haukuwahi kutiwa kitu.

Mbao za paleti zina mkanganyiko wake. Tafuta alama ya IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, iliyochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake paleti ilipashwa joto mpaka katikati ya mbao kufikia nyuzi 56 kwa dakika 30. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, iache. Paleti isiyo na alama iache pia, hasa ikiwa na madoa ya mafuta au harufu ya kemikali. Sasa, HT inaua wadudu waliomo siku hiyo ya kupashwa. Haiongezi hata wiki moja ya kudumu ardhini, na mbao za paleti ni nyembamba. Anayelalamika kwamba "paleti ya HT imeoza" alitarajia kitu ambacho alama hiyo haikuahidi.

Dalili: kuta zimetuna katikati, kona zimeachana

Hapa mbao mara nyingi haina kosa. Tuta la futi 12 kwa 4 lenye kimo cha futi 1 linabeba kama mita za ujazo 1.3 za udongo, yaani takriban toroli 20, na likilowa uzito wake unakaribia tani 2. Ubavu mmoja unasukumwa nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Tena msukumo haupandi sambamba na kimo: ukiongeza kimo mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Ndiyo sababu muundo uliofanya kazi kwa sentimita 20 unafunguka ukiupandisha hadi 40.

Pima unene halisi kwa tepu. Ubao wa "moja kwa nane" huenda ukawa robo tatu ya nchi baada ya msumeno na kukauka. Kwa unene huo weka vigingi kila sentimita 60. Kwa mbao ya nchi 2, sentimita 120 zinatosha. Kigingi kiwe na urefu wa angalau sentimita 70, na 35 hadi 40 ziwe ardhini.

Kisha angalia vigingi viko upande gani. Vikiwa ndani, kitu pekee kinachozuia ubao usiende nje ni misumari, nayo inavutwa taratibu kila mvua inaponyesha. Vikiwa nje, ubao unaegemea kigingi na msumari unabaki wa kushikiza tu. Kigingi cha nje pia kinakauka haraka na kinabadilishwa bila kufukua tuta. Wanaoviweka ndani hufanya hivyo kwa sababu ya sura, na sura hiyo inadumu mpaka masika.

Kona zinaachana kwa sababu msumari umepigwa kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi zake. Hapo haushiki. Weka nguzo ya kona ya 2 kwa 4 na upigilie ubao wa kila upande kwenye nguzo hiyo, misumari miwili au skrubu mbili kwa kila ubao: nchi 3 kwa ubao wa nchi 1, nchi 4 kwa ubao wa nchi 2. Chukua misumari iliyochovywa kwenye zinki. Ya kawaida inaliwa na kutu, na kwenye mkaratusi au mtiki inaacha michirizi myeusi kadiri chuma kinavyokutana na tanini za mti. Mchirizi hauna madhara, lakini msumari uliopungua unene ndio unaoachia kona.

Ubavu uliokwisha kutuna unarudishwa hivi. Subiri udongo ukauke kiasi. Fukua ukanda wa sentimita 20 kando ya ubao, sukuma ubao kwa jeki ya gari iliyoegemezwa kwenye kigingi imara, gonga vigingi vipya nje, kisha funga waya wa mabati mara mbili kutoka ubavu hadi ubavu katikati ya tuta, sentimita 15 chini ya udongo ili jembe dogo lisiuguse. Sokota waya kwa msumari mpaka ukaze.

Vipimo vya kununulia, kwa anayeanza upya: tuta hilo kwa mbao za 2 kwa 6, tabaka mbili, linachukua vipande 6 vya futi 12. Vinne ni vya mbavu, viwili vinakatwa futi 4 kwa ncha, na kinabaki kipande cha futi 8 cha nguzo za kona. Upana usizidi futi 4, kwani mkono unafika sentimita 60 tu kutoka kila upande. Fedha ikibana, nunua mbao nzuri ya tabaka la chini na vigingi, na tabaka la juu liwe paina.

Dalili: mbao zimejikunja, zimepasuka

Zilinunuliwa mbichi. Mbao ikikauka ikiwa imeshapigiliwa, inapunguka upana na kupinda, na mkaratusi ndio kinara. Kujua ukavu bila kifaa: kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo mpaka uzito usibadilike, pima tena. Tofauti gawanya kwa uzito mkavu. Ikizidi asilimia 30, panga mbao zako kivulini kwa wiki sita au zaidi, na vijiti kati ya tabaka, uzito juu.

Dalili: vitundu vidogo na unga chini yake

Bungua. Vitundu vya milimita 1 hadi 2 na unga laini ni kazi yao kwenye weupe mkavu, hasa wa miti ya mbao ngumu na mianzi. Sehemu iliyolowa hawaihitaji, kwa hiyo utawaona kwenye kingo za juu. Ubao ukigota kwa bisibisi, uache.

Dalili: mboga za ukingoni zinadhoofu, za katikati ziko vizuri

Ubao hulaumiwa mapema mno. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukingo wa magharibi unapata jua la alasiri, ubao unapata moto, na udongo wa sentimita 10 za mwanzo unakauka kabla ya ule wa katikati. Hiyo inatibika kwa maji na matandazo.

Ikiwa unyevu uko sawa na majani ya chini yanageuka manjano, tafuta vumbi la mbao. Walioranda au kukata mbao juu ya tuta huliacha humo, na vijidudu vinavyolioza hunyonya naitrojeni ya udongo. Ondoa unaloliona, ongeza debe moja la samadi iliyoiva kwa kila mita ya mraba. Mbao zilizotoka kwenye zege zina shida nyingine: mabaki ya saruji yanapandisha pH (kipimo cha umagadi wa udongo) ukingoni, na mara nyingi zilipakwa oili ili zege isinate kwenye mbao. Kwangua saruji kabla ya kujenga. Ikiwa zimepakwa oili, ziache.

Ukishuku sumu, fanya jaribio la maharage. Makopo mawili, moja la udongo wa ukingoni, jingine la udongo wa katikati, mbegu 10 kila moja, maji sawa, mwanga sawa. Baada ya siku 10 linganisha. Zikiota na kukua sawa, rudi kwenye maji na mbolea. Za ukingoni zikijikunja au kukataa kuota, toa ubao na udongo wake.

Kubadilisha ubao mmoja bila kuvunja tuta

Kama vigingi viko nje, ni kazi ya asubuhi moja. Ng'oa misumari ya ubao mbovu. Sukuma kipande cha bati bapa wima ndani ya udongo, sentimita 5 kutoka kwenye ubao, kiteremke mpaka chini. Ndicho kitakachoshika udongo. Toa ubao, safisha kokoto, ongeza iliyozama. Ingiza mpya, upande wenye kiini ukielekea udongo, pigilia, halafu chomoa bati polepole huku ukijaza nafasi kwa udongo. Ikiwa ubao wa chini ndio uliooza, usiushushe ule wa juu mahali pake hata kama ni mzima: umeshapasuka kwa jua, na nyufa hizo zikigusa unyevu wa chini zitaoza kabla ya ubao mpya.